Kasoro Mia Nne

Al-Khoudh, saa nne usiku, kiyoyozi kinakohoa.
Mama kakaa chini, mgongo kauegemeza kochi
(kukalia kochi, kwake, ni kazi ya wageni).
Mimi nimepiga magoti mbele ya televisheni,
rimoti mkononi, miwani imeteleza puani,
natafuta pale sauti ilipoachana na mdomo.

Ni harusi ya shangazi Rayya, Ibra,
mwaka themanini na nane, upande wa wanaume.
Fundi Biju wa Ruwi kaitoa kwenye kanda
kaitia kwenye kijiti kisichozidi kidole gumba,
akanipa risiti, na neno moja juu yake:
"Picha safi. Sauti nyuma kidogo."
Kidogo!
Bwana harusi keshafunga mdomo
ndipo anasikika akikubali,
utadhani kuna aliyemfinya.

Menyu ina mstari mmoja: Ucheleweshaji wa Sauti.
Kasoro hamsini. Kasoro mia.
Nahitaji kitu kinachogonga, nikione na nikisikie.
Bunduki za uwanjani siziamini,
zilikuwa mbali, na sauti ya mbali
ina haki yake ya kuchelewa.
Basi namfuata mgawa kahawa,
kijana mwembamba, jina lake hatulijui,
hakuna aliyewahi kumtazama katika kanda hii.
Anagonga finjani kwa finjani kabla ya kumimina.
Tik.
Kasoro mia mbili. Rudisha nyuma. Tik.
Kasoro mia tatu na hamsini: bado, unyoya tu.
Kasoro mia nne,
na finjani zinagongana pale pale zinapogusana.
Nikapiga kofi peke yangu kama mwendawazimu.

"Haya, tuoneshe baba yako," mama akasema.

Marehemu baba kucheka kwake kulikuwa mvua ya Ibra:
ukiikosa, ngoja mwaka.
Lakini humu mna kicheko chake kimoja,
kifupi, kizito, *ha!*,
kakaa mkekani mbele ya sahani ya halwa.
Wajukuu tumewaonesha. Wakwe tumewaonesha.
Mwanangu Ghassani anakiiga vizuri.

Basi tukatazama.
*Ha!*, na mdomo wa baba umefumbwa.
Kicheko kimetoka huku, karibu, nyuma ya kamera,
kifuani mwa ami Muhsin aliyekuwa akiishika;
hata picha inatikisika kidogo.
Kisha baba, taratibu, bila sauti yoyote,
anafumbua mdomo
na kutia tonge la halwa.

Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena.
Halwa.

Mama alikuwa akikunja pembe ya mtandio,
akiikunjua, akiikunja.
"Huyo Muhsin."
"Ndiyo, mama."
"Muhsin kacheka umri wake wote, vicheko anavyo vingi.
Hiki mrudishie baba yako."

Nikataka kusema: mama, finjani.
Nikataka kusema, saa mbili nimepiga magoti.
Kisanduku kikauliza: Hifadhi mabadiliko?
Nikabonyeza Hapana.

Sifuri.
Kijana anagonga, mlio unamfuata kwa nyuma.
Bwana harusi anafunga mdomo, anakubali.
Kamera inageuka kuelekea mkekani,
sahani ya halwa inaingia pembeni mwa kioo,
na mama ameshatabasamu,
kabla ya picha, kabla ya sauti.