Mpishi Kapewa Dakika Mbili

Mwalimu mkuu kanipa dakika mbili.
Zake zilikuwa arubaini, na picha ukutani,
na neno "ubora" nimelihesabu mara kumi na moja
huku nikijifuta mikono kwa aproni.
Mimi ni Eluned, wa jikoni.
Hayo maji mabegani mwenu yasiwatie haya:
bonde hili la Welisi halijawahi kuona mgeni mkavu.

Mkipanda juu mtaona maabara.
Kuna darubini sita mpya, na ya saba
ambayo kijana Iolo aliivunja, akaja kusema mwenyewe,
akakaa Ijumaa tatu na fundi hadi ikaona tena.
Hiyo ya saba, tafadhali, itazameni.

Maadili yetu ni manne, yamebandikwa mlangoni.
Siyakumbuki kwa mpangilio.
Ninachokijua ni kadi ya chakula:
ya anayelipa na ya asiyelipa
rangi moja, mlio mmoja mashineni.
Miaka kumi na tisa nimeshika upawa,
sijui, wala sitaki kujua,
nani baba yake yuko kazini
na nani baba yake yuko kitandani anahesabu mbao za dari
tangu kiwanda cha bati kifungwe.
Viazi ni viazi. Mchuzi hauulizi ukoo.

Lugha ya masomo ni Kiwelisi.
Najua wengine mmehamia juzi, mna hofu.
Mama yake bibi yangu alivishwa kibao shingoni
kwa kukitamka darasani.
Leo ndicho tunachoombea chumvi.
Watoto wenu watakuwa nacho kufikia Pasaka,
kwa matusi kwanza, kisha kwa sarufi.

Nafasi? Zipo.
Kwaya, raga, basi la Jumatano
kwenda chuo cha ufundi ng'ambo ya mlima.
Yupo Mwalimu Nerys, anayefundisha hesabu kama anapiga umbea:
unakaa ukingoni mwa kiti ujue
namba ipi imejificha nyuma ya herufi,
na imejificha na nani.

Alikuwepo Mared, aliyekula chooni muhula mzima.
Hotuba hazikumtoa.
Nilimpa kisu na ndoo ya karoti.
Alimenya kimya wiki mbili; ya tatu akasema,
"Lakini hizi mnazikata vibaya."
Sasa ana duka la maua karibu na stesheni.
Si daktari, hayumo kwenye picha za ukutani.
Basi mimi nimemtaja.

Na msidanganyike.
Paa la maktaba linavuja, upande wa mashairi.
Mwaka juzi watoto walionewa ndani ya basi namba mbili
nasi tukachelewa kuona.
Tulichelewa. Sina neno la kulifunika hilo.
Nilichoona baadaye ni walimu wakipanda basi lile kwa zamu,
na huyu mkubwa wetu pia,
magoti yakimgusa kidevu.

Mimi niliacha shule hii nikiwa na miaka kumi na mitano.
Mwalimu mmoja, marehemu sasa,
alisema kichwa changu ni cha sufuria.
Alipatia. Na alikosea:
mwaka jana, vyombo vikishakauka,
nilikuwa nikiketi nyuma kabisa kwa Nerys
kati ya watoto ninaowapakulia,
na mwezi wa sita nikafanya mtihani wao.
Nilipita kwa alama mbili.
Walinipigia sufuria zangu mwenyewe,
moja wakaitoboa.

Naonyeshwa saa. Haya.
Ila wewe, mwenye koti la kijani, safu ya tatu,
uliyemnong'oneza mama yako kama chakula huwa kinaisha:
hakiishi.
Anayechelewa huwekewa, kwa sahani iliyofunikwa,
juu ya jiko, upande wenye joto.
Jikoni ni mlango wa kushoto.
Kuna keki. Chukueni mbili mbili,
na viatu msivue, sakafu nitapiga deki mimi.