Ufa wa Bawa la Kushoto

Mchana naziba watu meno, hospitali ya Wete.
Usiku naziba ndege.
Usicheke. Kazi ni ile ile:
pana pengo, nawe huna budi kulijaza
mtu asijue kama pamejazwa.

Ndege yenyewe haifiki shubiri.
Injini mbili, plastiki ya kijivu, moja kwa sabini na mbili,
maana yake zipange sabini na mbili, pua kwa mkia,
ndiyo utapata moja ya kweli,
ile iliyokuwa ikitua Chake na magunia ya barua
na baba yangu, Shaame wa vibendera,
akirudi kinyumenyume mbele yake: njoo, njoo, basi.

Boksi alipewa na rubani aliyekuwa akihama.
Akagundisha tumbo. Akagundisha bawa la kulia.
La kushoto likakataa kukaa.
Kiwanda kilipima kila kitu
isipokuwa joto la juu ya kabati letu.

Epoksi huja vijiti viwili,
kimoja cha njano, kimoja cha buluu.
Kata sawa kwa sawa, kadiri ya punje ya mbaazi.
Ukikipunja kimoja, haigandi,
itabaki teketeke mpaka Kiama.
Kanda. Mwanzo zinagombana, michirizi michirizi;
kanda tu, mpaka zisahau nani alikuwa nani,
kijani kimoja.
Hapo una nusu saa. Baadaye ni jiwe.

Raya, mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, ananusa.
"Shangazi, kama unga wa visheti."
"Usile."
"Sili. Nimesema kama."

Naisukuma ufani kwa kijiko cha jino
kilichostaafishwa hospitali kabla yangu,
nalowesha kidole, napitisha mara moja.
Maji kidogo. Maji mengi huing'oa.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakutwambia kuwa ufa wa unene wa ukucha
humla mtu wiki mbili,
wala kuwa ukishaziba ndiyo kwanza kazi inaanza.

Nikaipindua.
Chini ya tumbo palikuwa na epoksi ya zamani,
ngumu, imegeuka rangi ya chai,
na juu yake dole gumba.
Mistari yote. Hata kovu la mundu
lililokata duara katikati.

"Cha nani hicho?"
"Cha mtu aliyeitwa ghafla."
Labda ndege ya alasiri iliwahi.

Siku tatu sikuigusa.
Mama akasema iache, ndiyo kumbukumbu yenyewe.
Kaka akatuma sauti kutoka Maskati:
itiwe kwenye kabati la vioo, na taa yake.
Wote wamesema kweli.
Lakini mie namjua Shaame.
Alikuwa akipiga pasi fulana ya ndani.
Alama ya kidole kwake haikuwa sahihi,
ilikuwa kazi iliyokatizwa,
na alikufa akidhani atarudi kuimaliza.

Msasa mia nne, kwa maji.
Kisha mia nane.
Mistari ikaondoka mmoja mmoja; kovu likang'ang'ania,
likawa la mwisho kwenda.
Nikafuta kwa kitambaa. Nikanawa.
Nikasema nina mafua.

Rangi ya chini haina adabu, inasema yote.
Asubuhi tuliikinga dirishani, Raya ameshika mkia.
Bawa la kushoto: hapana kitu.
Tumbo: hapana kitu.
Bawa la kulia, lile alilolimaliza yeye,
alilokuwa akiwaonesha wageni,
lina ufa, mwembamba kama unywele,
toka shinani hata kwenye injini.

Nikamtazama Raya nimwambie.
Keshafungua boksi, kisu mkononi,
anakata vijiti viwili, sawa kwa sawa,
jicho moja kalifumba.