Asilimia Tisini na Moja

Umeme wa Arua huja saa moja jioni
na kuondoka saa sita, kama mgeni mwenye mke mkali.
Ndani ya saa tano hizo nilitakiwa kuchagua.

Ezati alikuja na diski mfukoni, jasho shingoni:
"Weka hii ya kijani. Wimbo unashuka chai haijapoa."
Nikaiweka. Ikaniletea rumba yenye jina kubwa;
nikabonyeza, akacheka mwanamume,
akacheka dakika nne nzima,
kisha madirisha yakajifungua yenyewe, wanawake bila nguo,
na Mama Zaituni amesimama palepale akisubiri kaswida zake.
Nilifunika skrini kwa shati langu.
Siku mbili sikuwa na kompyuta, nilikuwa na kichuguu cha virusi.

Ya pili ilikuwa na adabu. Ilinisalimu kwa jina.
Siku ya kumi na tano ikadai dola.
Dola! Mimi ninayechoma sidii kwa shilingi elfu mbili,
na nusu yake ni ya Onzima mwenye meza.

Candiru, anayefundisha hesabu Mvara, hakusifu chochote.
Aliuliza: "Inachukua kwa nani?"
Nilidhani nyimbo hutoka kwenye waya
kama maji kwenye bomba.
"Kuna mtu," akasema. "Kila kipande, kuna mtu
ameiacha mashine yake macho.
Na wewe unamwachia nani?"

Basi nikachukua ya tatu, ya kijivu, isiyo na sura,
mstari mmoja unaotambaa kama konokono kwenye majivu.
Huuvunja wimbo vipande mia,
huyu analeta kimoja, yule kingine,
kama watu wanaomjengea mjane:
mmoja misumari, mmoja bati, mmoja maneno tu.
Na chini kabisa mshale mwembamba: unachotoa.

Wateja walinuna.
"Lingala yangu ya Ijumaa," akalia Musa wa boda,
"imefika Jumatatu, harusi imeshazaa!"

Usiku mmoja, duka tupu, nikaandika
nilichokuwa naogopa kuandika:
adungu, Dramadri, Aru.
Baba.
Kaseti yetu ililiwa na redio nikiwa darasa la tano;
nilibaki na utepe viganjani kama matumbo ya kuku.

Jibu moja. Dunia nzima, mtu mmoja,
hana jina, namba tu.
Tatu. Kumi na saba. Arobaini.
Nikazikata nyimbo nyingine zote.
Themanini. Mtu akabisha mlango, nikanyamaza kama mwizi.
Tisini na moja.
Saa sita.

Kesho yake yule mtu hakuwepo. Wala wiki ile.
Nikafungua kilichopo:
adungu inaanza, mtu anakohoa,
sauti ya Baba inaingia, inashika neno la kwanza la ubeti
na kudondoka;
upande wa pili wa shimo, makofi tayari.
Sijui alisema nini kikapigiwa makofi hayo.

Nimenunua betri ya lori. Sizimi tena.
Na tangu juzi kuna watatu wamening'inia kwangu,
namba tatu, nchi sizijui,
wanachota nilichonacho, tisini na moja ileile.
Sasa tuko wanne wenye shimo moja,
tunamngoja mtu mmoja awashe mashine.

Onzima anauliza betri hii analipa nani.
Mshale mwembamba unapanda.