Mnywaji wa Mnywaji

Tuliuita mlevi mti huu.
Mwaka ule kisima kilipotoa tope
Kapela alisimama kwenye mpaka wa shamba langu, hapa Usoke,
akainyooshea kidole mikaratusi yangu mia nne:
"Hao ndio wamekunywa."
Sikubisha. Nani abishane na ndoo tupu?
Niliipanda kwa ajili ya bani.
Chama kilisema asiye na miti ya kuni
hatapimiwa tumbaku yake.
Miche ilikuja kwa trekta, imelala kama wagonjwa,
nami, nina mimba ya Nshoma, nikachimba mashimo
mpaka mpini ukanichuna viganja.

Kisha mwaka huu, mwezi wa nane,
jani moja likapoteza rangi.
Si kukauka. Kukauka nakujua,
huanzia nchani, kuna adabu.
Hili lilipauka katikati, madoa madogo madogo,
kama uso wa mtu aliyedanganywa
na bado hajaambiwa.
Baada ya wiki likawa shaba,
sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga,
na jirani yake, na jirani wa jirani,
hata ukitazama shamba kutoka stesheni
ungesema linaiva.

Bwana shamba alikuja na pikipiki, akalipindua jani,
akakuita jina refu lililonitoka
kabla vumbi lake halijatua.
Basi nitakuita Wewe.

Wewe, mdogo kuliko punje ya ulezi,
mdomo wako ni uzi.
Unauchomeka penye mshipa, unatulia.
Hutafuni. Huachi tundu la kumwonyesha mtu.
Kiwavi ana haya zake, hula akaacha ushahidi;
wewe unafyonza na jani linabaki zima,
lina kingo, lina ncha, lina umbo,
limekosa tu kile kilicholifanya jani.

Na yule mwenzio wa vikofia vyeupe
hujiezekea paa la sukari,
akanywa kivulini.
Kinachomshinda hudondoka.
Nyayo zetu zilinata njiani kwenda bani.
Juu ya utamu ukaota ukungu mweusi,
jani likavaa kaniki,
jua likapiga hodi, lisifunguliwe.
Sisimizi wakapanga foleni kama siku ya malipo,
na nyuki wa Lugembe, maua yakiwa haba,
wakashukia asali iliyotoka tumboni mwa mdudu.

Kapela alicheka akashika kiuno:
"Mnywaji kapata mnywaji wake!"
Nikacheka naye, niseme kweli.
Nilicheka, kisha nikaanza kuhesabu:
jani lisilopika halinenepeshi gogo,
gogo jembamba halikaushi tumbaku,
tumbaku mbichi
— nikaacha hapo. Deni la mbolea
linajua kujihesabu lenyewe.

Jana usiku Nshoma alikohoa.
Nikachukua tochi kutafuta majani ya kumfukizia.
Mti wa kwanza shaba. Wa pili masizi.
Wa tisa ulikuwa umepukutika, matawi matupu
yakikwaruzana kama watu wanaotafuta funguo.
Nilipata majani saba yenye ujani kidogo,
nikaketi kizingitini nikiyakwangua kwa ukucha,
kikofia kimoja, kingine,
huku maji yakichemka na kupungua,
na harufu ile ya kifua kupona
ikija kwa uvivu, kwa mbali.

Ukucha wangu ulinata.
Sikufikiri. Nikaulamba.

Mtamu, ewe Wewe.
Nikakaa na ladha ile ulimini, nikaitambua:
ni maji ya kisima chetu,
yamepita mizizini, yamepita ndani ya mti,
yamepita ndani yako,
yamenirudia baada ya miaka tisa
kiasi cha tone.

Chini ya blanketi Nshoma aliuliza,
"Mama, bado?"