Kuanika

Bibi yangu alianika makopa juu ya bati.
Mama alianika nguo za watu wa Upanga,
akizigeuza ndani nje zisipauke.
Mimi naanika vioo.

Ndivyo ninavyowajibu wakiniuliza kazi,
huku nyuma ya Kimbiji, Kigamboni ya mwisho,
ambako jiji hukumbuka kuwa ni Dar es Salaam
siku ya kuhesabu watu tu.

Saa kumi na moja alfajiri tunapita getini:
mimi, Sikudhani, Mwantumu binti Pazi,
na Chaurembo anayesukuma toroli la maji.
Kioo hufutwa kikiwa bado na baridi.
Ukikimwagia maji saa sita kitapasuka,
na injinia Kahabuka hana maneno mengi,
anaandika tu.
Vumbi la barabara ya vifusi, kinyesi cha kunguru,
chumvi inayokuja na upepo:
vyote hivyo, anasema, vinakula umeme.
Sikujua kama umeme unalika.

Safu ya arobaini na moja naifuta polepole.
Hapo ulikuwa mkorosho wangu.
Siku ya tathmini waliupiga namba kwa rangi nyekundu,
mtu na kalamu, mtu na futi,
wakauliza unazaa kilo ngapi.
Nikaongeza kidogo. Nani asingeongeza?
Fidia ilikuja baada ya masika mawili,
ikaezeka nyumba, ikalipa deni la marehemu,
ikabaki ya sukari.

Kisha zikapita nguzo. Mwaka mzima
nyaya zilivuka juu ya vichwa vyetu kwenda mjini,
zikiguna usiku kucha,
nasi chini yake tunawasha vibatari.
Kwenye mkutano wa mtaa Mwantumu alisimama, akakaza kanga:
"Ng'ombe tumchunge sisi,
maziwa yanywewe Masaki?"
Injinia akaangalia viatu vyake.
Transfoma ilikuja mwezi wa nane.

Sasa zahanati ina friji,
chanjo hazisafiri tena juu ya bodaboda
ndani ya kikapu, zikishindana na jua.
Sikudhani anauza barafu za ukwaju.
Mashine ya Kibwana inasaga bila moshi wa dizeli,
ila bei hajashusha.
Mwanangu anasoma hadi saa nne,
halafu anasoma simu. Hilo halikuwemo kwenye mkataba.
Na luku bado inaisha.
Inapiga kelele saa nane za usiku,
nami mfuta vioo nalala gizani
kwa kukosa buku.

Jua ni lile lile
lililotukaushia mihogo mwaka ule wa kula ndiga.
Leo limeajiriwa.
Linaripoti saa kumi na mbili, halina likizo,
halidai nauli.

Jana mawingu yalifunga ghafla upande wa Mkuranga.
Tone la kwanza likaligonga bati.
Nikaacha sufuria jikoni, nikatoka mbio
kama bibi, kama mama,
mikono imetangulia: anueni! anueni!

Uani hapakuwa na kitu.
Kule nyuma ya uzio, heka mia tatu
zimelala chali zinanyeshewa,
na hakuna aliyekimbia.

Nikasimama pale, mikono mitupu, nalowa,
nikipiga hesabu ya kibarua:
mvua hii ikifuta vizuri,
kesho hatuitwi.