Ife Palepale

Somoe wa chama cha msingi, Nanyamba, amepiga tena:
"Programu yako imekufa. Na orodha imekufa nayo."
Namuuliza, ulibonyeza nini?
"Nilikuwa naandika tu."

Kuandika tu. Hapa Chikongola nami naandika tu,
usiku wa tatu, feni ikinung'unika,
nabandika majina elfu moja, nafuta, narudisha,
nazima umeme kusudi
(siku nyingine huzimika wenyewe, na gesi yote ile ya Msimbati),
kihariri kinanitazama, kizima,
kama mtoto aliyelia homa usiku kucha,
akifikishwa Ligula anamchekea daktari.

Basi nimeacha kukimbiza kifo.
Mti unapoangukia sipo mchwa walipoanzia:
kosa huingia asubuhi, likakaa na watu, likala nao,
mzoga ukaonekana jioni, nyumba ya saba.
Nimetia viapo ndani ya msimbo,
kila mlango na mlinzi, kila mlinzi na neno lake:

Hapa kishale hakizidi mstari wa mwisho.
Hapa urefu haushuki chini ya sifuri.
Hapa hapiti mtu mkono mtupu.
Ukiona uongo usistahi, usisitiri,
programu ife palepale, nawe useme umeona nini.

"Umeniletea inayokufa zaidi!"
Ndiyo, dada. Sasa inakufa mapema, na inataja.

Alhamisi, siku ya mnada, akanitumia picha ya kioo:
*Mstari 212. Kishale: 41. Mistari: 40.*

Nikapiga. Nani alikuwa wa arobaini na moja?
Kimya. Kisha:
"Chinduli. Alileta gunia mbili, nikamwandika,
akaghairi, nikamfuta,
akarudi, nikamrudisha,
akaondoka tena. Ada ya mtoto inatakiwa leo,
na wa kangomba yuko nje, hela mkononi."

Kumbe.
Mimi katika majaribio yangu yote
sikuwahi kumfuta mtu wa mwisho
nikajuta, kisha nikajutia kujuta.
Kishale kilibaki pale alipokuwa amesimama,
kinamngoja kwenye mstari usiokuwepo.

Nimerekebisha kwa herufi tisa.
Viapo sijaving'oa.
Zile gunia mbili hazimo kwenye orodha yoyote,
na mlango ule, wa nje ya ghala,
sijui ningeuwekea mlinzi gani,
wala angeapa nini.