Mlango wa Kaskazini

Burulkan hugonga ukuta kwanza, ndipo abishe hodi.
Kinyundo chake kidogo, mpini umezungushiwa utepe wa buluu,
kinaipita plasta: ko, ko, ko,
kisha pu.
Hapo husimama. Humo ndani pana uwazi.
Huchora duara kwa chaki, huandika tarehe,
huenda mbele.

Shule iko juu ya mji wa Naryn, saa mbili za barabara mbovu,
mahali ambapo ardhi hujigeuza usingizini
bila kuwaomba radhi waliolala juu yake.

Kwetu husemwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Yeye angetikisa kichwa. Usiuzibe bado.
Bandika kipande cha kioo juu yake, uondoke, urudi;
kioo kikivunjika, ukuta ungali unatembea,
na lipu yako ilikuwa poda tu usoni mwa mgonjwa.

Chini ya ngazi kuna boila, kongwe kuliko mwalimu mkuu,
linalokula makaa ya mawe kuanzia Oktoba
na kutema masizi juu ya theluji ya uwanjani.
Watoto wa chekechea huchora theluji kwa penseli nyeusi.
Mwalimu wao hasahihishi.

Fomu ina maswali sitini na mawili.
La arobaini na moja:
Je, mlango wa dharura hufunguka kuelekea nje,
bila ufunguo,
kwa nguvu ya mkono wa mtoto?

Mlango wa kaskazini haufunguki kuelekea popote.
Umevikwa blanketi zito la sufu, juu hadi chini,
misumari thelathini na saba, mstari ulionyooka,
kazi ya mtu asiyelipua.

“Ni mimi,” akasema Kaldybek, mlinzi.
“Upepo wa upande huu una meno.
Mwaka juzi palikuwa na mtoto, kalamu ilimdondoka,
akawa anaitazama tu pale chini.
Kondoo ni wangu. Sikumdai mtu.”

Burulkan akaishika kalamu yake mwenyewe.
Fomu haina kisanduku cha wema.

“Saini tu,” mwalimu mkuu Toktosun akanong’ona,
“baridi iko mlangoni.”
“Mlango gani?” akauliza.

Wakaing’oa misumari wawili wao, yeye na mlinzi,
mmoja mmoja, wakiitia ndani ya kikombe cha chai.
Upepo ukaingia kama mkaguzi mwingine.
Burulkan akawaita Nurjamal na Esen, mikoba mgongoni:
piteni pamoja, bega kwa bega.
Walipita kwa aibu. Wakarudi. Wakapita wakikimbia,
na mara ya nne hakuwa amewaomba.

Katika swali la arobaini na moja akaandika Hapana.
Pembezoni, pasipotakiwa kuandikwa kitu:
Sufu hii ni nzuri. Mahali pake ni ndani ya ukuta.

Ilichukua barua sita, na hasira, na mwaka mzima.
Kijiji kilikata manyoya; mafundi wakayashindilia
kati ya tofali la zamani na mbao mpya.
Mlango ukapata pacha wake, na kichumba katikati
ambamo upepo huingia, hukosa pa kwenda, huaibika.
Boila sasa hula nusu ya posho yake.
Bado linakula. Bado anaandika barua.

Novemba, kipindi cha hesabu, ardhi ilijikuna.
Sekunde arobaini na nane, wote uwanjani.
Wa mwisho alikuwa Kaldybek, amebeba kiatu
ambacho hadi jioni hakuna aliyekiri ni chake.
Hakuna gazeti lililoandika. Nini cha kuandika?
Shule ilisimama. Watoto walirudi kwenye sehemu zao,
robo, theluthi, nusu.

Kila alfajiri mlinzi huusukuma mlango wa kaskazini
kwa kidole kidogo, kimoja.
Ukimuuliza, atasema anausalimia upepo tu.